Barua ya Kwanza Kutoka Ng'ambo

Kila mwaka miezi ya Agosti na Septemba ikikaribia, husikika katika parokia zetu za milimani na za bondeni habari ile ile: mtoto wa fulani amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Misa ya shukrani huombwa, mchango hufanywa, mama wa kijana hupokea wageni muda wa siku tatu bila kupumzika, kisha gari hushuka na mabegi na jamaa kutoka Lushoto, hupita Soni hata Mombo, na kutoka hapo safari ni ya Dar es Salaam. Mambo hayo yote ni mema, nasi hatuna neno juu yake. Leo twataka kusema habari ya jambo lisilotajwa sana katika karamu hizo, yaani majuma machache ya kwanza baada ya kijana kushuka katika ndege. Maana ni katika majuma hayo kijana huamua, pengine bila kujua kwamba anaamua, kama atakuwa mtu wa kusema kweli au mtu wa kuficha. Akiisha kuamua, ni vigumu sana kugeuka.

Milima hii ya Usambara inayo habari yake ya kale juu ya mtu aliyefika ugenini. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikuwa kigego, kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimnyima urithi. Akatoka kwao na mbwa wake na mikuki yake. Katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, twasoma jinsi alivyokaa Kilindi, kisha akakimbia huko baada ya mtoto wa mkubwa wa nchi kufa katika mawindo; akafika Zirai, na baadaye Bumbuli, na mwisho Vugha, ambako alifanywa mfalme. Wengi wetu tukiisikia habari hiyo twaruka upesi hata kwenye ufalme. Sisi twapenda kukaa kidogo Zirai. Huko Mbegha hakuwa mfalme wala hakuwa mtoto wa mtu yeyote aliyejulikana. Alikuwa mgeni mwenye mbwa. Nguruwe mwitu walikuwa wakiharibu mashamba, yeye akawaua. Wenyeji walitamani nyama, yeye alikuwa nayo. Yeye hakuwa na shamba, nao wakampa chakula cha shamba. Kila upande ulijua mwenzake ana nini na hana nini. Mgeni asiyejulikana amekosa nini hawezi kusaidiwa, hata wenyeji wawe wakarimu namna gani.

Wakilindi, wazao wa Mbegha, nao walipata zamu yao ya kwenda ugenini, na safari hii ilikuwa ya kusoma. Hugh Peter Kayamba, mtoto wa Zumbe Mwelekwanyuma wa Kilole, karibu na Korogwe, alisomeshwa na wamisionari wa Kianglikana huko Kiungani, Unguja, kisha akapelekwa Uingereza, akasoma miaka miwili katika shule ya Bloxham. Mwanawe, Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, akawa karani mkuu wa serikali katika Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha mjini humo chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Mwaka 1931 yeye na wenzake wawili walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Martin hakwenda kusoma. Lakini alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi angelifanya: aliwaandikia watu wa kwao kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa London mwaka 1932. Tazameni jina lenyewe. Hakukiita Sifa za Uingereza, wala hakukiita Taabu za Uingereza. Aliahidi kueleza walivyoona na walivyofanya, basi. Barua ya mwanafunzi yeyote ikiwa na mambo hayo mawili, imetosha.

Sasa tuangalie mambo yanayompata kijana huyo wetu, na kwa nini kuyasema ni kugumu.

Jambo la kwanza ni kwamba anakuwa mdogo tena. Hapa nyumbani alikuwa mwenye sifa, ndiye aliyeshinda mitihani, na hata wakubwa wake walimwita kuwasomea barua za serikali. Huko hakuna anayejua hayo. Wala si vijana tu wanaopatwa na jambo hili. Julius Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa mtu wa miaka 27, amekwisha kusoma Makerere na kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka uliotangulia, Padre Laurean Rugambwa wa Bukoba, naye ana miaka 36, alikwenda Roma kusoma sheria za Kanisa, wakati ambapo vyuo vya Kipapa vilifundisha kwa Kilatini. Nyumbani wote wawili walikuwa watu wa kuamkiwa. Huko walikaa tena kwenye benchi la wanafunzi. Padre Rugambwa alipata udaktari wake mwaka 1951, na Mwalimu alipata shahada ya M.A. mwaka 1952. Mengine waliyokuja kuwa baadaye kila mtu anayajua. Tunalotaka lionekane hapa ni lile benchi.

Katika benchi hilo jaribu kubwa ni la masikio. Kijana wetu amesoma Kiingereza miaka mingi, amekiandika katika mitihani na kufaulu, lakini alikisikia kwa walimu waliokisema kama sisi tunavyokisema. Anafika Edinburgh au Glasgow, mwenye duka anamwambia maneno manne, naye haambulii hata moja. Aliyekwenda Ujerumani, Urusi au China ana kazi zaidi, maana lugha yenyewe ni mpya. Hapo ndipo kosa la kwanza huingia. Kijana anatabasamu na kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Sisi Waafrika wa Mashariki tumelelewa hivyo. Ni aibu kumwambia mkubwa arudie maneno yake, kana kwamba amesema vibaya. Huko kutikisa kichwa ni kama kutia sahihi. Aliyetikisa kichwa mbele ya mwenye nyumba atakuta amekubali kulipa kodi ya miezi ambayo hatakaa. Aliyetikisa kichwa mbele ya mwalimu ataulizwa juma lijalo kazi iko wapi.

Hata saa zetu zaweza kumponza. Mswahili huhesabu saa tangu jua lichomozapo, wao huhesabu tangu usiku wa manane. Mtu akiambiwa aje saa tisa kwa hesabu ya Kizungu, ametakiwa saa tatu asubuhi. Kijana aliyechoka kwa safari, ambaye kichwa chake bado kiko Soni, aweza kufika ofisini saa tisa ya alasiri akiwa amevaa vizuri na karatasi zake zote mkononi, akakuta mlango umefungwa. Msicheke, nafasi ya kumwona afisa wa uhamiaji ikipotea, pengine hungojewa majuma mengi kupata nyingine.

Darasani nako mna mambo. Mwalimu anakaa juu ya meza, anataka aitwe kwa jina lake la ubatizo, anasema jambo, kisha anauliza nani haafikiani naye. Mtoto aliyelelewa kutowatazama wakubwa machoni anakaa kimya kwa heshima, naye mwalimu anadhani hakusoma. Katika vyuo vingi sehemu ya alama hutolewa kwa kusema darasani. Tena liko jambo la kunakili. Katika baadhi ya shule zetu, mwanafunzi anayeyaandika maneno ya kitabu kama yalivyo husifiwa kwa kumbukumbu njema. Katika vyuo vya ng'ambo, na katika vyuo vikuu vyetu wenyewe vinavyofuata taratibu zao sawasawa, kuyaandika maneno ya mtu bila kumtaja mwenyewe ni wizi, na adhabu yake yaweza kufika hata kufukuzwa. Kijana aulize kabla ya kuandika kazi yake ya kwanza. Swali hilo moja laweza kuokoa miaka mitatu.

Juu ya baridi hatutasema mengi. Watu wa Lushoto hudhani wameizoea, kwa kuwa mwezi wa Julai wanaota moto na kuwacheka Watanga wanaotetemeka. Kinachowashinda wengi ni giza zaidi ya baridi. Kwetu hapa urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Edinburgh, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na saa kumi ya alasiri haijafika limekwisha kuzama. Kijana anaingia darasani kabla ya mchana kukunjuka, anatoka usiku umeingia, na majuma yanapita hivyo. Akianza kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kutotaka kula, kutotaka kuonana na watu, asiseme amerogwa wala asijione mvivu. Vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi na madaktari kwa ajili ya mambo hayo, na kwenda kwao si fedheha. Kwenda kanisani pia humsaidia aliye mpweke, maana huko kuna watu watakaomwuliza hakufika kwa nini.

Walakini liko jambo baya kuliko giza, nalo ni kudharauliwa kwa ajili ya rangi. Hapa twapenda kuleta habari ya Wangari Maathai wa Kenya, kama alivyoieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Septemba 1960, ametoka shule ya masista wa Loreto huko Limuru, alisafirishwa kwa ndege pamoja na mamia ya wanafunzi wa Kenya katika mpango alioupigania Tom Mboya, ambao familia ya Kennedy iliugharimia kwa sehemu. Akashuka New York. Kutoka huko akapanda basi pamoja na mwenzake kwenda Atchison, Kansas, katika chuo cha masista Wabenediktini cha Mount St. Scholastica. Njiani, katika jimbo la Indiana, basi lilisimama, wakaingia mkahawani kununua kinywaji baridi. Waliambiwa wanaweza kununua, lakini hawawezi kukaa ndani, wakanywee nje.

Wasichana wale walikuwa na siku chache tu katika Marekani. Walitoka katika nchi iliyokuwa bado chini ya ukoloni, wakidhani wanakwenda kwenye nchi ya uhuru. Mbele yao, Kansas, walipokelewa na masista kwa upendo, na Wangari alipata shahada yake ya elimu ya viumbe mwaka 1964. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Sisi twamsifu kwa kuwa aliyaandika yote mawili, mkahawa na masista. Hakuufuta mkahawa ili kuwapendeza waliomsaidia, wala hakuwafuta masista ili hasira yake ionekane kubwa. Mtu aliyetendwa vibaya siku ya kwanza yumo katika hatari ya kuifunga hesabu siku hiyo hiyo, akasema watu wa huku wote ndivyo walivyo, akajifungia chumbani na wenzake wa nchi yake mpaka siku ya kurudi. Wala hatari hiyo haiko Ulaya na Marekani tu. Mwaka 1962 huko Beijing mwanafunzi mmoja wa Unguja alipigwa hotelini, wanafunzi wenzake wa Kiafrika wakagoma, na wengi wao wakaondoka katika nchi hiyo. Kijana atakayekutana na jambo kama hilo alipeleke mbele ya wakuu wa chuo, aliandike na tarehe yake, awaambie na wa nyumbani. Kisha aende darasani.

Sasa tufike kwenye barua. Twasema barua kwa mazoea. Siku hizi ni sauti na picha katika simu, lakini jambo ni moja. Tuchukue mfano, tulioutunga wenyewe, wa barua kama nyingi zinavyoandikwa:

"Baba mpendwa, shikamoo. Nimefika salama. Huku ni kuzuri ajabu, kila kitu kipo. Masomo ni mepesi, na rafiki nimepata wengi. Msiwe na wasiwasi, muda si mrefu nitaanza kuwatumia kitu kidogo."

Pamoja na maneno hayo huja picha: kijana amesimama mbele ya gari lisilo lake, amevaa koti la kuazima, theluji nyuma yake. Picha hiyo huzunguka kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Kesho yake mjomba anapiga simu, ana mgonjwa. Kesho kutwa shangazi, paa la nyumba limevuja. Juma lijalo ni ada ya mdogo wake. Kijana hawezi tena kusema hana, kwa kuwa amekwisha kusema kila kitu kipo. Basi anatafuta kazi ya usiku. Uingereza, kwa kawaida, mwanafunzi wa shahada aliyetoka nchi kama yetu haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akizidisha amevunja sharti la viza yake. Yeye anazidisha. Analala darasani, anashindwa mtihani, naye anaona aibu kusema ameshindwa. Mwaka wa pili simu yake haipatikani. Familia nyingine zina mtoto wa namna hii, aliyekwenda na hakurudi, hakufa wala hakufukuzwa na mtu. Mama yake akiulizwa hujibu kwamba bado anasoma.

Mfano wa pili tumeutunga pia:

"Baba mpendwa, shikamoo; nisalimie mama na bibi. Nimefika salama siku ya Jumanne. Chumba ni kidogo lakini kina joto. Mwalimu wa kwanza nilimwelewa nusu, wa pili sikumwelewa kabisa. Nimemwambia, naye amenionyesha darasa la lugha la jioni lisilo na malipo. Fedha zilizo benki siwezi kuzitoa zote. Hutolewa kidogo kila mwezi, nazo huishia katika kodi ya chumba, bima na chakula. Kwa hiyo mwaka huu sitaweza kutuma kitu, hata ada ya mdogo wangu usinitegemee. Siku ya Jumapili jioni napata upweke sana. Lile shamba tuliloliweka rehani, niandikie limefikia wapi, usinifiche."

Barua hii haipendezi kuzungushwa kijijini. Lakini baba aliyeipokea anajua la kufanya kesho asubuhi, na kijana aliyeiandika ameweka mzigo chini.

Yafaa tueleze jambo la fedha za benki, kwa kuwa limevunja udugu wa watu wengi. Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni asiye na mfadhili aonyeshe kwamba ana fedha za kumtosha mwaka mzima, na njia inayotumika sana ni kuziweka katika akaunti iliyofungwa. Katika mwaka 2025 kiasi kilichotakiwa kilikuwa Euro 11,904. Mkulima wa kabichi na karoti akisikia hesabu hiyo kwa shilingi huona kijana amekuwa tajiri. Ukweli ni kwamba benki humpa Euro 992 kwa mwezi na si zaidi, na katika hizo hulipa chumba, bima ya afya, chakula na nauli. Tena mara nyingi fedha hizo si zake: zimekopwa kwa watu kumi, kila mmoja akitazamia kurudishiwa. Mzazi anayeijua hesabu hii kabla ya kijana kuondoka hatamwomba fedha za paa mwezi wa Novemba.

Na hapa twataka kusema na wazazi waziwazi. Kijana huanza kudanganya kwa sababu ameona ukweli haupokewi. Alipokuwa shule ya msingi akileta alama mbaya alipigwa. Sasa yuko mbali na hapigwi, lakini aibu imebaki. Mkampeleka uwanja wa ndege kwa matarumbeta, mkamwambia mbele ya watu mia kwamba yeye ndiye tegemeo la ukoo. Ni nani atakayepiga simu mwezi wa pili kuwaambia watu mia hao kwamba hesabu zinamshinda na usiku analia? Mchango wa jamaa ni jambo la upendo, nalo limewasomesha wengi ambao serikali isingeweza kuwasomesha. Lakini mchango ulipotolewa ulikuwa kwa ajili ya masomo. Kumdai mwanafunzi katika mwaka wake wa kwanza ni kula mbegu kabla ya kupanda, na Mshambaa aliyekuwa na akili hakufanya hivyo hata mwaka wa njaa. Yafaa mzazi amwambie mwanawe kabla hajapanda gari, faraghani, si mbele ya wageni: ukishindwa, niambie mimi kwanza. Na siku atakapoambiwa, asipige kelele.

Wako watakaosema kwamba tunawatia vijana hofu, kwamba wengi hufika, husoma, hurudi na shahada zao, na hatusikii kilio. Ni kweli, wengi hurudi vizuri, nasi hatumzuii mtu kwenda. Mwanafunzi aliyekwenda akiwa ameambiwa habari za giza la Desemba hatashtuka Desemba ikifika.

Lipo neno moja la kazi kwa wanaoondoka mwaka huu. Kila nchi ina siku zake za kujiandikisha, nazo hazingoji mtu amalize kuzunguka mji. Ujerumani ni kwa kawaida majuma mawili tangu kuhamia katika chumba. India, mwenye viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha katika siku 14 tangu kufika. China, mgeni asiyekaa hotelini hutakiwa kupeleka habari zake polisi ndani ya saa 24. Sheria hubadilika, kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni katika chuo iulizwe siku ile ile ya kufika. Kisha kijana ajiandikishe katika ubalozi wa Tanzania unaohusika na nchi hiyo. Wengi huliacha jambo hili kwa kuliona halina faida. Februari 2022, vita vilipoanza katika Ukraine, wanafunzi Watanzania walilazimika kuziacha nyumba zao na kuelekea mipakani katika baridi. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Hamas. Siku kama hizo ubalozi huanza na majina ulio nayo.

Mwisho, kwa wazazi watakaopiga simu: Ujerumani na Italia ziko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Uingereza iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. India iko mbele kwa saa mbili na nusu, China kwa saa tano. Aliye na mtoto China asipige simu saa nne ya usiku baada ya kufunga duka, maana huko ni saa tisa ya usiku, mtoto ataamka akidhani kuna msiba. Jumapili baada ya Misa ya kwanza ni wakati mzuri kwa India na China, na Jumapili jioni kwa Ulaya. Tena jioni hiyo ndiyo saa ambayo wengi wao huwa peke yao chumbani.